Kamera Inayojua Kugoma

Olympus Trip 35 hufanya jambo ambalo simu yako haijawahi kulifanya: hugoma. Ukiielekeza mahali penye kiza ukabonyeza kitufe, ndani ya kidirisha cha kuchungulia huchomoza kibendera chekundu, kitufe hakifyatuki, na kipande cha filamu kilichokuwa kikingoja zamu yake hubaki kilivyo. Hakuna kilichopotea. Unamsogeza bibi harusi mlangoni, unabonyeza tena, na safari hii inakubali kwa mlio mdogo ambao hata kuku aliye miguuni pake hagutuki.

Nimeishi na kamera hii muda mrefu, na kila nikiitafakari nakwama kwenye kibendera kile. Ndicho kinachonifanya niiheshimu kuliko kamera nyingine zote zilizowahi kupita Isansa, zikiwamo zenye majina makubwa na lenzi ndefu kama mkono. Aliyebuni chombo kinachokataa kuharibu filamu ya mtu mwingine alijua kwamba filamu ni ghali. Alijua kuna mtu mahali fulani anayehesabu picha moja moja. Hakumjua mtu wa Mbozi, lakini alimfanyia kazi.

Isansa ni kata ya wilaya ya Mbozi, katika nyanda za kahawa za mkoa ambao tangu mwaka 2016 tunauita Songwe. Kabla ya hapo sote tulikuwa watu wa Mbeya. Huku picha zilifuata kahawa. Buni ikishavunwa, ikaanikwa, na fedha za msimu zikaingia, ndipo harusi zilipofungwa, ndipo watoto walipobatizwa wakiwa na nguo mpya, na ndipo mpiga picha alipoonekana njiani na baiskeli yake, kamera ikining'inia shingoni ndani ya mfuko wa ngozi. Watu walisimama mbele ya nyumba, mkono mmoja begani kwa mwenzake, mwingine umeshika redio iliyozimwa. Redio ilikuwa lazima ionekane. Viatu navyo vilikuwa lazima vionekane. Mpiga picha aliyekata miguu ya mteja alirudishiwa picha yake.

Mkanda mmoja ulikuwa na picha 36. Mpiga picha aliununua kwa fedha zake, akaupeleka kusafishwa Mbeya mjini au mbali zaidi, akalipia kusafishwa na kuchapishwa, kisha akarudi kijijini kugawa picha na kudai salio. Iliyoungua hailipwi. Iliyotoka nyeusi hailipwi. Ukiiweka hesabu hiyo kichwani utaelewa kwa nini kibendera ambacho mtalii wa Ulaya angeweza kukiona kero, kwa mtu wa Isansa kilikuwa mshirika wa biashara.

Pwani walikuwa na desturi nyingine. Zanzibar kulikuwa na Capital Art Studio, aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, na Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor na Bakor Studio yake, fundi wa kuunganisha picha moja na nyingine hadi mtu akachomoza ndani ya ua la waridi. Kule mteja ndiye aliyekwenda kwa mpiga picha. Alikuta taa, pazia lililochorwa, kiti, kioo cha kujitazamia na kitana. Kamera ingeweza kuwa kubwa na nzito upendavyo, maana haikuondoka juu ya miguu yake mitatu. Isansa hapakuwa na pazia wala taa. Ilibidi kamera ndiyo itembee, ipande baiskeli, ivumilie vumbi la Agosti na ukungu wa Februari, ilale katika nyumba isiyo na umeme, na asubuhi iwe tayari. Udogo wake ulikuwa sharti la kazi.

Udogo huo ulikotoka kuna kisa ambacho wapenda kamera wengi huku hawakijui, nami naona kinatuhusu zaidi ya kinavyowahusu matajiri wanaozikusanya kamera hizi siku hizi na kuzipanga kabatini.

Yoshihisa Maitani alizaliwa mwaka 1933 katika mkoa wa Kagawa, kwenye kisiwa cha Shikoku, akasoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Waseda, na mwaka 1956 akaingia kampuni ya Olympus. Alikuwa kijana mwenye kupenda picha, naye alikuwa na Leica, kamera ya Kijerumani ambayo Mjapani wa kawaida wa wakati ule aliiona dukani tu. Japani ilikuwa bado inajikwamua na vita. Mshahara ulikuwa mdogo, kamera ilikuwa ghali, na filamu nayo ilikuwa ghali. Maitani alipopewa nafasi ya kubuni kamera yake ya kwanza, alijiwekea lengo lililowachekesha wakubwa wake: iuzwe yeni 6,000. Kamera ya bei nafuu kabisa ya Olympus wakati ule ilikuwa mara kadhaa ya fedha hiyo.

Sasa tazama alivyozitumia yeni zile. Mtu mwingine angeanza kwa kupunguza kila kitu kidogo kidogo, lenzi nafuu, chuma nafuu, kila kitu robo ya ubora. Maitani aliagiza kwanza lenzi nzuri kabisa iliyowezekana, bila kuibana. Lenzi hiyo ikala sehemu kubwa ya fedha. Ndipo akageukia vingine vyote na kuuliza, kimoja baada ya kingine, kama kamera inaweza kuishi bila hicho. Mkono wa kuvutia filamu? Ukaondoka, pakawekwa gurudumu dogo la meno linalosukumwa kwa dole gumba. Kilichobaki kilibaki kwa sababu hakikuweza kuondoka. Mkuu wa kiwanda alikataa kuitengeneza, ikabidi mwanzoni kazi ipelekwe kwa kampuni ya nje.

Hiyo ndiyo Olympus Pen ya mwaka 1959, na uamuzi wake mkubwa ulikuwa kuikata picha nusu. Kamera za mkanda wa milimita 35 zilipiga picha ya milimita 24 kwa 36. Pen ilipiga 18 kwa 24. Mkanda uleule wa picha 36 ukatoa picha 72. Wataalamu walilalamika kwamba negativu ni ndogo mno. Mama wa nyumbani wa Tokyo aliona gharama ya kila picha imepungua nusu. Ule ubunifu uliosifiwa baadaye ulizaliwa katika hesabu za mtu asiye na fedha za kutosha, na sidhani kama ungezaliwa kwingine.

Pen ilinikaribia moyoni kwa sababu nyingine pia. Ukiishika mlalo, kama kamera yoyote inavyoshikwa, picha yake hutoka wima. Picha ya wima ni picha ya mtu aliyesimama, kutoka kofia hadi viatu. Yaani umbo lenyewe la picha lilikuwa tayari limekubaliana na mteja wa Mbozi. Hata hivyo sitaisifia kupita kiasi. Picha 72 ni nyingi kwa kijiji. Mpiga picha hawezi kusafisha mkanda uliotumika nusu, na mteja wa picha ya tano atangoja hadi wengine 67 wapate sababu ya kupigwa picha. Katikati ya masika, watu wakiwa shambani na fedha hazipo, kungoja huko kungeweza kumgombanisha mtu na kijiji kizima. Hapo ndipo ndugu yake mkubwa aliposhinda.

Ndugu huyo ni Trip 35, iliyotoka mwaka 1967. Ilichukua maarifa ya familia ya Pen, hasa Pen EE ya mwaka 1961 iliyokuwa na jicho la kupima mwanga, ikayahamishia kwenye picha kamili ya 24 kwa 36. Iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1984, na mamilioni yake yalisambaa duniani. Jina lake ni la safari, maana Olympus waliiuza kama kamera ya mtu anayekwenda likizo, na Uingereza wakamweka mpiga picha maarufu David Bailey katika matangazo yake miaka ya 1970. Huku likizo haikuwa na uhusiano nayo. Tazama tarehe zake kwa kalenda yetu: ilizaliwa mwaka wa Azimio la Arusha, ikakoma mwaka ambao serikali ilianza kulegeza masharti ya watu binafsi kuingiza bidhaa kutoka nje. Kati ya tarehe hizo mbili, hasa baada ya vita vya Kagera, tuliishi miaka ya foleni: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na betri za redio zikiwa kitu cha kuombewa kwa jamaa aliye mjini. Trip 35 haina betri. Haijawahi kuwa nayo. Katika miaka ambayo redio zilinyamaza kwa kukosa betri, kamera hii haikukosa siku hata moja ya kazi, isipokuwa siku ya mawingu mazito.

Umeme wake inaujitengenezea kutokana na jua. Ukiitazama kwa mbele utaona kuizunguka lenzi pete pana ya plastiki yenye vijumba vingi vidogo, kama sega la asali. Nyuma ya pete hiyo kuna sahani ya seleniamu, madini ambayo yakipigwa na mwanga hutoa umeme kidogo sana. Umeme huo hauwezi kuwasha hata taa ya tochi, lakini unatosha kusukuma mshale mwembamba ndani ya mita. Jua likiwa kali mshale husogea sana. Kukiwa na kivuli husogea kidogo. Unapobonyeza kitufe, kipande cha chuma chenye vidato hupanda na kuubana mshale pale ulipo, na kidato kilichougusa ndicho kinachoamua tundu la lenzi lifunguke kiasi gani na shata iende kwa kasi ipi. Kasi zenyewe ni mbili tu, sehemu ya 40 ya sekunde na sehemu ya 200. Mshale usiposogea vya kutosha, kidato cha mwisho kinakiinua kibendera chekundu na kuizuia shata. Hakuna kompyuta. Kuna mwanga, mshale, chuma na kidole chako.

Uzuri unaonishangaza zaidi uko katika mahali walipoiweka ile pete. Kamera nyingi za aina hii zilikuwa na jicho la kupimia mwanga pembeni, juu ya kidirisha. Katika kamera hizo unaweza kusahau kifuniko juu ya lenzi, ukachungulia, ukaona kila kitu vizuri, maana kidirisha hakipitii kwenye lenzi, ukapiga mkanda mzima wa giza. Ubatizo mzima unapotea hivyo. Katika Trip 35 jicho na lenzi viko chini ya kifuniko kimoja. Ukikisahau, jicho nalo limefumbwa, mshale haujasogea, kibendera kinapanda. Ukiweka kidole mbele ya lenzi kwa bahati mbaya, yaelekea itakuonya vilevile. Ukifunga kioo cha rangi mbele, jicho linaona kupitia kioo hichohicho, na hesabu ya mwanga inajirekebisha yenyewe. Kitu kimoja kimewekwa mahali pamoja sahihi, na matatizo matatu yakaondoka bila kuongeza hata skrubu. Nikiulizwa ufundi ni nini, ningependa nimwoneshe anayeuliza ile pete.

Na kifuniko chenyewe kina kazi ya pili. Seleniamu huchoka kwa miaka mingi ya kukaa mwangani. Kamera zilizofunikwa, zikawekwa ndani ya mfuko wake na kufungiwa sandukuni, ndizo ambazo hadi leo macho yake yanaona. Tabia ya wazee wetu ya kufungia kila kitu cha thamani ndani ya sanduku la mbao, chini ya vitenge, ilikuwa hifadhi bora kuliko kabati la vioo la sebuleni.

Kwenye lenzi kuna pete nyingine, ya kupanga umbali, nayo haikudai msomi. Ina michoro minne. Kichwa na mabega ya mtu mmoja, kwa anayesimama mita 1. Watu wawili, kwa mita 1.5. Watu watatu waliosimama, kwa mita 3. Kisha mlima, kwa vyote vilivyo mbali. Mita zenyewe zimeandikwa chini ya pete kwa anayezitaka. Ukichungulia, chini ya picha unayoiona kuna kijidirisha kingine kidogo kinachokuonesha ulipoiweka pete, kwa hiyo huhitaji kuishusha kamera usoni. Lenzi ni Zuiko ya milimita 40, vioo vinne, na katika mwanga wa Mbozi wa saa nne asubuhi tundu lake huwa dogo kiasi kwamba hata ukikosea hatua moja picha bado inatoka kali. Nimekwisha kuona watoto wa darasa la pili wakiielewa michoro ile kwa maelezo ya dakika moja. Nadhani mlima uliochorwa ni Fuji, ingawa mtu wa hapa ana haki ya kuona Rungwe.

Nisidanganye kwamba Wajapani walituwazia sisi. Katika jambo moja hawakutuwazia kabisa, wala Wamarekani waliotengeneza filamu. Kipimia mwanga cha kamera hizi kinachukua wastani wa kila kinachokiona. Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, au mbele ya anga jeupe la Julai, na kipimia kitaona weupe mwingi, kitaubana mwanga, na uso utatoka kiza wenye macho na meno. Maabara nazo zilirekebisha rangi zake kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kwa jina la Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi nzuri kwa miaka mingi. Kodak walianza kulitazama jambo hilo kwa makini baada ya malalamiko ya watengeneza samani na chokoleti, ambao mbao zao na kakao yao hazikutoka vizuri kwenye picha. Nyuso za watu zilikuwa zimelalamika kabla yao.

Hapa ndipo ufundi ulipohamia mikononi mwa mpiga picha wa kijijini. Trip 35 ina pete ya kuiambia kamera filamu uliyoweka ni ya kasi gani, kutoka 25 hadi 400. Mtu mjanja aliweka filamu ya 100 lakini akaizungusha pete hadi 50. Kamera ikadhani filamu ni nzito kuona, ikaongeza mwanga mara mbili, na uso ukatoka na nuru yake, vipodozi vyake na hata michirizi ya jasho la ngoma. Mwenye haraka alitumia njia nyingine: aliielekeza kamera kwenye majani ya mibuni, akabonyeza kitufe nusu hadi vidato viubane mshale, akaushikilia hapo, kisha akaigeuza kamera kwa mteja na kumalizia kubonyeza. Kamera ilipima majani, ikapiga mtu. Ukikuta katika albamu ya zamani nyuso zimetoka vizuri mbele ya ukuta mweupe, jua kwamba aliyezipiga alikuwa na akili ya kuzidi kitabu cha maelekezo.

Kuna mahali pamoja katika wilaya yetu ambapo hila hizo hazihitajiki sana, nako ni kwenye Kimondo. Wageni na wanafunzi hupelekwa pale Marengi kulitazama lile pande la chuma na nikeli lililoanguka kutoka angani, lenye urefu wa kama mita 3, ambalo dunia ya nje ilianza kulisikia mwaka 1930. Kila mtu hupiga picha akiwa ameliegemea. Kwa kuwa lenyewe ni jeusi na linajaza picha, kipimia mwanga hudhani kuna kiza, hufungua tundu la lenzi, na nyuso zetu hutoka safi. Mashati meupe ndiyo yanayoungua. Sijui mahali pengine ambapo hesabu ya kamera imekosea kwa faida yetu.

Kamera zenyewe zilifikaje huku? Kwa njia za kila kitu kingine: walimu, wamisheni, jamaa waliosoma ng'ambo, wafanyabiashara wa Mbeya, na Tunduma. Kilichotoka Zambia kwa barabara ya Tanzam au kwa reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, kilipita pale, na Tunduma haijawahi kukosa mtu wa kukuuzia kitu ambacho hukujua kwamba unakihitaji.

Mwaka 1979 Maitani alitoa kamera nyingine ndogo, Olympus XA, na wapo wanaoiona kilele cha kazi yake. Alitaka kamera isiyohitaji mfuko wala kifuniko cha lenzi. Akaivika gamba linaloteleza: ukilivuta upande, lenzi na kidirisha vinafunuka na kamera inaamka, ukilirudisha, vimefungwa na vumbi linabaki nje. Uzito wake ni kama gramu 225. Katika XA2, iliyofuata mwaka 1980, ukifunga gamba kitelezi cha umbali kinajirudisha chenyewe katikati, kwenye alama ya watu wa hatua chache, ili ukiivuta kwa haraka kesho yake uwe tayari kwa picha inayopigwa mara nyingi. Mtu aliyefikiria hilo alikuwa amewatazama watu kwa makini sana. Mwaka 2009 alipofariki, wapenda kamera duniani walimlilia kwa haki.

Lakini XA inataka betri, zile ndogo kama vifungo vya shati, na zikiisha imekufa hadi zipatikane nyingine. Kwa uzuri wa umbo naipa XA nafasi ya kwanza. Kwa Isansa naipa Trip 35, bila kusita. Kamera za plastiki zilizokuja baadaye, zenye injini ya kuvuta filamu na flashi inayojiwasha yenyewe, zilikuwa rahisi zaidi, na wapiga picha wengi walihamia huko. Siwalaumu, harusi za usiku zilitaka flashi. Ila hizo zilikubali kila kitu. Zilipiga hata palipokuwa hakuna cha kupigwa, na fedha ya mteja ikaenda na giza.

Zikiharibika, plastiki zile zilitupwa. Trip 35 hutengenezeka. Ugonjwa wake mkubwa ni mafuta yanayotambaa hadi kwenye majani ya tundu la lenzi na kuyagandisha, na wa pili ni sponji za mlango wa nyuma zinazogeuka kuwa lami na kuruhusu mwanga kuingia. Fundi saa mwenye bisibisi ndogo, petroli ya kiberiti na mkono usiotetemeka huyaponya yote mawili, maana ndani mna gia, springi na skrubu, vitu anavyovijua. Sponji hubadilishwa kwa uzi mweusi wa sufi. Kinachoshindikana ni seleniamu ikishakufa, na hapo kamera hubaki na tundu la kupangwa kwa mkono na kasi moja, sehemu ya 40 ya sekunde, ambayo kwa mtu aliyesimama akiwa ameshika redio inatosha kabisa.

Ndugu msomaji, kama kuna sanduku la marehemu babu au baba ambalo halijafunguliwa kwa miaka, tafadhali lipekue kabla wanunuzi wa chuma chakavu hawajapita. Ukikuta kamera yenye pete ya vijumba kuizunguka lenzi, izungushe gurudumu lake hadi likwame, weka pete kwenye herufi A, ielekeze juani na ubonyeze. Kisha zungusha tena, funika lenzi kwa kiganja na ubonyeze. Ikikubali mara ya kwanza na kukataa mara ya pili, ni nzima. Ikikataa mara zote mbili, huenda imechoka macho. Ikikubali mara zote mbili, ina mafuta au mshale umekwama. Filamu bado zinatengenezwa, Kodak Gold ya 200 na Ilford HP5 ya 400, na zote mbili zimo ndani ya hesabu ya pete yake. Kamera yenyewe haifiki nusu kilo, kwa hiyo mnunuzi wa chuma chakavu hatakupa hata nauli ya kurudi nyumbani. Ipeleke kwanza kwa fundi saa.